Nembo ilipendeza kwenye karatasi, ikaharibika kwenye kompyuta

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni fundi cherehani, na majina yangu yanaanza kwa S na J. Nimejichorea nembo yangu kwa penseli: sindano iliyosimama, ncha yake nimeikunja kidogo ili iwe J, na uzi unaoizunguka ndio S. Kwenye karatasi kila aliyeiona aliisifu. Nikaipiga picha kwa simu, nikaiingiza kwenye programu ya kuchorea, nikabonyeza amri ya kugeuza picha kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari ya kompyuta. Ikatoka na kingo zenye meno kama msumeno. Nilipoipunguza itoshe lebo ya kola, uzi ukapotea kabisa. Picha ya mchoro nimeiambatisha. Je, kosa ni la mchoro, la programu, au ni langu? Nianze upya, au nitafute programu nyingine?

JIBU: Salaam, fundi. Programu usiibadilishe, uliyonayo inatosha. Mkono wako pia ni mzuri, na hilo linaonekana kwenye tumbo la chini la ile S. Kilichotokea ni kwamba umeipa kompyuta kazi isiyoiweza, nayo ni kuamua.

Vuta picha ya mchoro wako, iongeze ukubwa, uutazame mstari mmoja kwa karibu. Utaona si mstari mmoja. Ni mistari mitatu au minne iliyopitiana, kingo zake zimechakaa kwa unga wa penseli, pembeni kuna kivuli cha mkunjo wa karatasi. Jicho la mtu linachagua mstari mmoja katikati ya hiyo yote na kuiacha mingine. Programu haina namna hiyo ya kuchagua. Inafuata mpaka wa kila chembe nyeusi, na kila inapokuta chembe imejitokeza inaweka pembe. Hayo ndiyo meno uliyoyaona. Wewe mwenyewe unapokata kitambaa hufuati vumbi la chaki lilipomwagikia, unafuata mstari unaoujua. Kompyuta haijui mstari wako uko wapi.

Kwa hiyo hatua ya kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta usiichukue kama kugeuza. Ni kuchora mara ya pili, kwa chombo kingine. Na mchoro wa pili hauwezi kuwa mzuri kama wa kwanza haujamalizika, na huu wako, fundi, haujamalizika. Una mambo mawili ambayo hakuna programu itakayokurekebishia.

La kwanza ni zito. Nimeuweka mchoro wako kwenye kioo cha kompyuta, nikarudi nyuma hatua sita, nikafumba macho na kuyafumbua ghafla. Nilichokiona kwanza kilikuwa alama ya dola. S yenye mstari wima unaopita katikati na kutokeza juu na chini, dunia nzima inaisoma hivyo. Marafiki zako hawakuiona kwa sababu uliwaeleza kwanza kwamba ni sindano na uzi, na mtu akishaelezwa huona alichoelezwa. Mteja anayeiona lebo kwenye kola hana wa kumweleza. Siku nyingine mpe mtu asiyejua chochote aitazame kwa sekunde mbili, iondoe, kisha muulize ameona nini. Jibu la kwanza linalomtoka ndilo la kweli, hata kama linauma.

La pili unalijua kuliko mimi. Umekunja ncha ya sindano ili upate J, na sindano iliyopinda fundi huitupa. Mtu wa kazi yako akiiona nembo hiyo ataona sindano mbovu. Herufi ikikulazimisha kuharibu kifaa cha kazi yako, ibadilishe herufi uache kifaa kizima.

Napendekeza ujaribu hivi. Hamisha sindano kutoka katikati, isimame upande wa kulia wa S, imenyooka, tundu likiwa upande wa juu. Mwisho wa juu wa S, ule wa kulia, uingie kwenye tundu, kwa kuwa huko ndiko uzi unakotakiwa kuingia. Sindano ishuke hadi karibu na mahali tumbo la chini la S linapofika kulia kabisa, iishie hapo kabla ya kugusa. Sasa tazama: jicho linaposhuka na sindano linadakwa na tumbo la chini la S na kupelekwa kushoto, na mkunjo wa J unapatikana bila kukunja chochote. Uzi mmoja umefanya kazi ya herufi mbili. Jihadhari tu na lile pengo kati ya ncha na uzi. Ukiliziba, sindano na S zitaungana na watu wataanza kuona 8. Hilo ni pendekezo, na penseli yako inaweza kukuletea lililo bora zaidi. Lakini lijaribu.

Kuifanya herufi moja iishi ndani ya nyingine ni ufundi wa siku nyingi. Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani aliyezaliwa 1471, alitia alama yake kwenye kazi zake kwa kuweka D chini ya miguu ya A kubwa, kama mtu aliyeketi chini ya meza. Hakuna pambo lolote pale. A imepanuliwa miguu ili D ipate nafasi, basi, na alama hiyo inasomeka hata ikiwa ndogo kwenye pembe ya picha. Kwenye nembo ya herufi za majina hilo ndilo la kutafuta: herufi moja impe mwenzake mahali pa kukaa. Kuzipamba kila moja peke yake hakusaidii.

Rudi basi kwenye karatasi, ila badilisha namna ya kuchora. Usichore kubwa. Chora visanduku vya sentimita tatu kwa tatu, ishirini kwa ukurasa, na katika kila kimoja weka wazo kwa sekunde ishirini au thelathini. Tumia kalamu ya wino yenye ncha nene, si penseli. Penseli inakuruhusu kubembeleza na kutia kivuli, na kivuli hudanganya. Kalamu nene inakulazimisha useme mstari uko hapa au haupo. Vingi vitakuwa vibaya na hilo ni sawa. Ukurasa wa kwanza ni wa kutoa yale ambayo kila mtu angeyafikiria. Usifute chochote. Mara nyingi nimerudi kwenye kisanduku cha saba baada ya kuhangaika hadi cha hamsini.

Wala usione haya kwamba visanduku hivyo ni vichafu. Mchoro wa kwanza wa nembo ya New York yenye moyo mwekundu, mbunifu Mmarekani Milton Glaser aliuchora mwaka 1976 kwa krayoni nyekundu juu ya bahasha, akiwa ndani ya teksi. Bahasha hiyo sasa imehifadhiwa kwenye MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Mistari yake imekwenda mrama, lakini wazo lipo lote: herufi, moyo, herufi. Mchoro wa mwanzo unadaiwa hilo tu.

Ukishapata kisanduku kimoja kinachokuita, kichore upya kikubwa, sentimita kumi kwenda juu. Kisha weka juu yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, uchore tena ukirekebisha. Weka nyingine juu ya hiyo, uchore tena. Mimi hufanya mara nne au tano. Katikati ya kazi igeuze karatasi utazame mchoro kwa nyuma, halafu uusimamishe kichwa chini. Jicho lililozoea kusoma S halioni kasoro za S. Ukiigeuza inakuwa umbo tu, na tumbo lililolegea linajitokeza mara moja. Utagundua pia jambo ambalo wengi hawalijui: S nzuri haina matumbo yanayolingana. La juu huwa dogo kidogo. Yakilingana kwa rula, S huonekana kama inataka kuanguka kwa mbele.

Kabla hujaenda kwenye kompyuta, piga hesabu ya lebo, maana kule kupotea kwa uzi kunatokana na hesabu tu. Kwenye picha uliyonitumia, nembo ikiwa na urefu wa milimita 100, uzi wako una unene wa milimita 4. Ipunguze nembo iwe milimita 15, kimo kinachotosha lebo ya kola, na uzi unabaki na milimita 0.6. Kwenye mashine ya kutarizi, mstari unaotengenezwa kwa mishono iliyolala bega kwa bega huanza kusumbua ukiwa chini ya milimita 1, kwa sababu nyuzi zenyewe zina unene wao na kitambaa kinavutika. Lebo ya kufumwa inavumilia mstari mwembamba zaidi, lakini usiitegemee. Fanya uzi uwe milimita 8 kwenye mchoro mkubwa. Kwenye lebo utapata 1.2. Pengo la ncha lifanye 7, upate kama milimita 1. Tundu la sindano ukilipigia hesabu hiyo hiyo utaona halitoki. Kwa hiyo amua mapema kwamba nembo itakuwa na maumbo mawili: kubwa lenye tundu, kwa ajili ya kibao na kadi, na dogo lisilo na tundu, kwa lebo na picha ya akaunti kwenye simu. Hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa picha. Kama una skana, tumia vitone 300 kwa inchi, inatosha. Kama ni simu, kwanza chora mraba kwa rula kuzunguka nembo. Weka karatasi bapa karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, kivuli cha mkono wako kisianguke juu yake. Usiisogeze simu karibu sana, kwa sababu lenzi ya simu hutanua vilivyo katikati. Inua juu, piga, kisha ukate kingo. Mraba ule ndio shahidi wako: ukishaiingiza picha kwenye programu, chora mraba wa programu juu yake. Kama pande hazilingani, simu iliinama, piga tena.

Picha ikishaingia, ipunguze nguvu hadi asilimia 30 hivi ili ififie, ifunge kwenye leya yake, yaani tabaka lake, isisogee, kisha fungua leya mpya juu yake. Picha hiyo haitakuwa sehemu ya nembo. Ni kama patani chini ya kitambaa, ukimaliza unaitoa.

Hapa nieleze kidogo vekta ni nini, kwa sababu ukielewa hili mikono yako itatulia. Picha ya simu ni vigae vidogo vya rangi, pikseli, na ukiikuza unakuza vigae. Vekta haihifadhi vigae. Inahifadhi maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, fika pale. Ndiyo maana inaweza kukuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kuvunjika. Mikunjo yenyewe hupimwa kwa njia iliyotoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliifikia mwaka 1959 lakini kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault akaitumia na kuitangaza katika miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililobaki. Walihitaji kuchora ubavu wa gari kwa vipimo vichache iwezekanavyo. Ndicho unachokihitaji wewe pia: nodi chache, yaani vituo ambavyo mstari hupitia, na kila nodi ina vishikio viwili vinavyoamua mstari unaingia na kutoka kwa mwelekeo gani. Ile amri uliyoibonyeza ilikupa mamia ya nodi. S yako inahitaji 6.

Chukua zana ya kalamu, tuichore. Nodi ya kwanza iweke mwanzo wa uzi, juu kulia, kwenye tundu. Ya pili kwenye kilele, mahali mstari unapoacha kupanda na kuanza kushuka. Ya tatu ni pale tumbo la juu linapofika kushoto kabisa. Ya nne inaruka moja kwa moja hadi tumbo la chini linapofika kulia kabisa. Ya tano iko chini kabisa, ya sita ni mwisho wa uzi, chini kushoto. Kati ya ya tatu na ya nne usiweke kitu, najua mkono utawasha.

Sasa vishikio. Kwenye kilele na kule chini kabisa, vishikio vilale mlalo, sawasawa. Kwenye nodi za kushoto na kulia, visimame wima, sawasawa. Kwenye Inkscape, programu ya bure, ukishikilia Ctrl unapovuta kishikio kinakaa kwenye pembe kamili. Programu nyingine nyingi hutumia Shift. Kisha vuta kishikio cha chini cha nodi ya tatu kiende chini, na cha juu cha nodi ya nne kiende juu, na uti wa S utajichora wenyewe ukiwa laini kuliko mkono wowote. Kama hujui uanze na urefu gani, kumbuka kwamba robo ya duara hutumia vishikio vyenye urefu wa asilimia 55 ya nusukipenyo. Anzia hapo kwenye matumbo, kisha rekebisha kwa jicho. Na mstari ukikataa kukaa, usiongeze nodi. Sogeza kishikio. Karibu kila mkunjo wenye kibonge nilioletewa nirekebishe, niliutibu kwa kufuta nodi.

Mstari ukishatulia, upe unene wa milimita 8, utazame nembo ikiwa nyeusi tupu. Rangi iache kabisa kwa sasa. Utaona kitu cha ajabu: uzi una unene mmoja kila mahali, kompyuta inaapa hivyo, lakini juu na chini, unapolala, unaonekana mnene kuliko unaposimama. Macho ya binadamu ndivyo yalivyo. Waunda herufi za chapa huwa wanapunguza unene wa sehemu zilizolala ili zionekane sawa, nawe fanya hivyo. Geuza mstari uwe umbo, amri hiyo ipo kwenye kila programu, kisha ukingo wa ndani wa kilele na wa chini usogeze kidogo sana, hadi jicho liridhike. Baki na nakala ya mstari kabla ya kuugeuza, kwa sababu ukishakuwa umbo huwezi tena kuubadilisha unene kwa tarakimu moja. Tazama pia pale uzi unapoingia kwenye tundu: vitu viwili vyeusi vikikutana hufanya doa. Punguza kidogo mahali hapo, doa litaondoka.

Jina lako chini ya nembo lisiwe la mapambo. Chagua fonti tulivu ambayo leseni yake inaruhusu matumizi ya biashara, na ukimaliza geuza maandishi yawe maumbo. Hili nalisisitiza kwa sababu lilinifika. Miaka ya mwanzo nilipeleka kazi kwenye duka moja la uchapaji maandishi yakiwa bado ni fonti. Kompyuta yao haikuwa nayo, ikaweka nyingine kimya kimya, na mabango yakatoka na jina la mteja kwa herufi ambazo sikuzichagua. Wao hawakuuliza, nami sikuwa nimezigeuza. Mteja alikuwa ameshalipa, na ufunguzi wake ulikuwa kesho yake.

Rangi iingie mwisho. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga, karatasi kwa wino, na kuna kijani na buluu za kung'aa ambazo wino hauzifikii. Wewe una faida hapo: anzia kwenye kadi ya nyuzi unazoshonea, chagua uzi halisi, kisha tafuta rangi ya kioo inayoukaribia. Wengi huenda kinyume na kuishia kuwalaumu wachapaji. Nembo ikisimama vizuri kwa nyeusi, rangi moja inakutosha.

Faili za kuhifadhi ni SVG, ambayo ndiyo faili ya asili ya vekta, PDF kwa wachapaji, na PNG yenye mandhari wazi kwa simu. JPEG usitumie, itakuwekea kisanduku cheupe nyuma ya nembo. Mtarizi atalihitaji faili lake la mishono, na hilo atalitengeneza yeye kutoka kwenye SVG yako. Mwambie kimo cha milimita 15 na umpe lile umbo dogo lisilo na tundu.

Kabla hujampelekea, chapisha umbo hilo kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Likate, libane kwa pini kwenye kola ya shati, litundike shati ukutani. Kaa umbali ambao watu wawili husimama wakizungumza. Ukiona uzi na sindano, mpelekee. Ukiona dola au 8, lirudishe kwenye karatasi nyembamba.